JICHO LANGU NA DOLE GUMBA LA MAMA MKWE

"Litoeni hilo jicho!"

Sauti hiyo naijua. Hata nikiwa majivu nitaijua.

Ni ya mama mkwe wangu, Jasuben.

Nilikuwa nimelazwa kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji, saa sita mchana, hapa hapa Rajkot. Nasikia kila kitu. Lakini ulimi umekuwa mzito, mkono haunyanyuki, na jicho la kushoto limevimba hadi halifunguki.

"Mama, hapana! Mama, nakupigia magoti!"

Huyo ni Dharmesh, mume wangu. Analia kwa kwikwi.

"Simama huko, unachafua suruali. Daktari, hiyo karatasi iko wapi?"

"Mama, ule ni uso wa mke wangu!"

"Uso ndio utampumulia? Leteni wino!"

Hajui kuandika yule mama. Kwa jicho langu lililobaki nikamwona anachovya dole gumba kwenye wino wa zambarau, analikandamiza kwenye karatasi, kisha analifuta...

Analifuta kwenye shuka langu, jamani!

Nilitaka kupiga kelele. Haikutoka hata pumzi. Mlango ukafunguliwa, nikasukumwa ndani.

Mwanamke aliyeninyanyasa miaka saba ndiye aliyeidhinisha jicho langu litolewe. Mume anayenipenda alikuwa sakafuni anakataa.

Sasa tulieni. Msikimbilie kwenye komenti, nyie nawajua. Someni mpaka chini, maana leo hata nyinyi mmo humu.

*

Naitwa Kinnari. Kwetu ni Morbi, baba yangu alikuwa mchoma vigae kiwandani. Nikaolewa Rajkot kwenye nyumba ya wauza penda. Penda ni maziwa yanayokorogwa motoni na sukari hadi yashikane, halafu yanafinyangwa vidonge. Ukila kimoja unatafuta cha pili.

Kuanzia siku ya kwanza Jasuben hakuniita jina langu. Aliniita Vigae.

"Vigae, chai iko wapi?"

"Vigae, hii chapati ya rotli umeipika, au umeichoma kwenye tanuri la baba yako?"

"Vigae, punguza kucheka, wateja watadhani kuna ngoma."

Nilikuwa nalia chooni, natoka, napaka wanja, maisha yanaendelea.

Dharmesh ndiye aliyekuwa faraja yangu. Yule mwanaume ana mdomo, wapendwa! "Kinu wangu." "Nuru yangu." Alinipiga picha nimeshika penda mdomoni, akaikuza, akaitundika juu ya duka na maandishi makubwa: MKE WANGU ANAKULA KILA SIKU. MTAZAMENI!

Na watu walikuja kunitazama kweli. Wananunua, wananitazama, wananunua tena. Ikabidi nile kweli, kila siku, mbele yao.

Kuna neno moja halikutamkwa kabisa kwenye nyumba ile. Kisukari.

Ukilitaja dukani, mteja anarudisha mkono mfukoni. Kwa hiyo hata jikoni hatukulitaja. Mtu akiugua tunasema "amepata ule ugeni". Siku moja mzee mmoja alisema kwa bahati mbaya kwamba daktari amemkataza vitamu. Jasuben akamjibu palepale, "Kwa hiyo umekuja kunusa?"

Nilicheka siku ile. Nilicheka kama mjinga.

*

Mwezi wa nne 2021, Korona ikaja ile ya wimbi la pili. Mnaikumbuka. Ving'ora mchana kutwa. Mafundi wetu wote wa jikoni wakakimbilia kwao Rajasthan, tukabaki watatu na masufuria yetu.

Nikaugua. Homa, kikohozi, mifupa inauma hadi nywele zinauma. Hospitali zimejaa, kwa hiyo Dharmesh akampata daktari wa kwenye simu.

"Mgonjwa ana presha?"

"Hana."

"Ana kisukari?"

Dharmesh akafunika simu kwa kiganja. Akatazama mlango wa dukani, mteja alikuwa amesimama pale anasubiri mzigo wake.

"Hana, daktari. Sisi hatuna hicho kitu kwetu."

"Sawa. Nakuandikia vidonge vya steroidi. Siku tano. Sio sita, umenielewa? Tano."

Siku ya tatu nikaamka. Siku ya nne nikaoga mwenyewe. Siku ya tano nilikuwa jikoni nakoroga maziwa, nina nguvu ambazo sijawahi kuwa nazo hata nikiwa msichana.

Siku ya sita Dharmesh akaja na pakiti nyingine.

"Si alisema tano?"

"Kinu, yule anaona simu. Mimi naona mke wangu. Umejitazama unavyong'aa? Meza."

Nikameza. Mume wangu ananijali, ningekataaje?

Nikameza siku ishirini na mbili.

Huku kiu imenishika ya ajabu. Nakunywa jagi zima la maji, dakika ishirini niko chooni. Narudi, nakunywa jingine. Njaa nayo usiseme.

Na Jasuben yuko nyuma yangu kama askari.

"Vigae! Hiyo ni mara ya saba tangu asubuhi!"

"Mama, nahesabiwa hadi haja ndogo?"

"Nahesabu maji. Unamaliza tanki."

Kesho yake nikamkuta ameinama mlangoni mwa choo, ananyooshea kidole sakafuni.

"Sisimizi," akasema.

"Tutamwaga dawa, Mama."

"Sisimizi hawaji chooni kutalii. Hawa wamemfuata nani?"

Jamani! Nikaenda kulia kwa Dharmesh. "Mama yako ananiita mchafu!"

"Mzoee tu, Kinu. Uzee ule."

Jioni hiyo nilikuwa nataka kula penda kimoja, Jasuben akaninyang'anya kikiwa karibu na meno. "Acha! Unakula mtaji!" Akakitupa kwenye ndoo ya takataka, yeye ambaye haruhusu hata chembe ipotee.

Mnaona chuki hiyo? Mimi niliiona hivyo hivyo mnavyoiona.

*

Kisha jino likaanza kuuma. La juu, kushoto.

Nikadhani ni jino tu. Baada ya siku mbili shavu likafa ganzi. Nikajipiga kibao kidogo, sisikii. Nikajifinya, sisikii.

Pua ikaziba upande mmoja. Nikapenga kwenye kitambaa cheupe, kikatoka kitu cheusi kama masizi ya sufuria.

"Dharmesh! Njoo uone!"

Akaangalia, akakunja kile kitambaa haraka. "Mabaki ya Korona hayo. Jifukize."

Nikajifukiza asubuhi, mchana na jioni hadi uso ukachubuka.

"Mpeleke huyu hospitali," Jasuben akasema, bila kunitazama. "Asije akanifia jikoni, nani atasugua jiko?"

"Mama, hospitali kuna Korona."

"Kwani alichougua yeye kilikuwa nini, harusi?"

Asubuhi iliyofuata nikafungua macho nikawaona Dharmesh wawili. Nikafumba, nikafumbua, bado wawili. Mmoja tu alikuwa ananitosha. Kabla ya chai, kope ya kushoto ikaanguka na haikupanda tena.

Dharmesh alikuwa anapanga mizigo ya wateja. "Tutakwenda kesho, Kinu."

Ni Jasuben aliyetoka barabarani na ndala zake, akasimamisha bajaji, akanivuta mkono hadi ukauma.

"Ingia. Na usitapike kwenye bajaji ya watu."

*

Hospitali kulikuwa na wodi nzima ya watu kama mimi. Wengine wana bandeji jichoni, wengine taya limeingia ndani. Wote walitoka kupona Korona. Nikawaonea huruma sana, bila kujua napelekwa kitanda cha jirani yao.

Daktari Vasavada, mama mmoja mfupi wa maneno machache, akanipitisha kamera ndogo puani. Akatazama kioo cha mashine.

"Hii nyama nyeusi imeshakufa," akasema. "Ni fangasi."

"Fangasi? Kama wa miguuni?"

"Sio huyo. Huyu yuko kila mahali, kwenye udongo, kwenye mkate uliolala. Wewe na mimi tunamvuta kila siku na hatuugui. Lakini akimpata mtu aliyetoka kuugua, aliyemezeshwa steroidi wiki tatu, na damu yake imejaa sukari, hapo amefika nyumbani."

"Daktari, mimi sina kisu..."

Mdomo wangu haukuweza hata kulimaliza lile neno. Miaka saba ya mazoea.

"Sukari yako sasa hivi ni mia nne na themanini."

"Mashine yenu mbovu hiyo!" Dharmesh akadakia. Alikuwa amefika, anahema.

Daktari hakumtazama. "Kinnariben, dada yangu, umewahi kupimwa?"

"Mwaka 2019. Nilizimia jikoni. Mume wangu alichukua majibu, akasema safi kabisa."

"Safi," Daktari Vasavada akarudia, akaandika. "Haya. Fangasi ametoka puani, ameingia nyuma ya jicho. Jicho hilo halioni tena. Akitoka nyuma ya jicho anaingia kwenye ubongo. Likibaki, tunakupoteza wewe mzima."

Akanipa karatasi ya kusaini.

Dharmesh akanishika mkono wa pili. Akaninong'oneza kwa ile sauti yake. "Usikubali, Kinu. Kuna daktari Ahmedabad anatibu bila kukata. Nimeshampata. Kesho nakupeleka."

Nikaisukuma karatasi. "Sitaki."

Kesho yake: "Hajapokea simu, nuru yangu. Mchana atapokea."

Keshokutwa yake: "Amesafiri. Kesho hakika."

Daktari Vasavada alikuja mara nne. Mara ya nne alikuwa na hasira za wazi. "Dada, kila saa unayokaa kufikiri, yeye anatembea!"

"Mume wangu amepata daktari Ahmedabad."

"Anaitwa nani?"

Nikamtazama Dharmesh. Dharmesh akatazama simu.

Siku ya tatu homa ikapanda, maneno yakakwama, na nikawa naisikia dunia kwa mbali. Daktari akasema sasa ndugu yeyote wa karibu asaini, hakuna kusubiri tena.

Na hapo ndipo lile dole gumba lilipotoka.

*

Niliamka nusu ya uso wangu ni bandeji.

Dharmesh alikuwa pembeni ya kitanda. Amevimba kwa kulia.

"Nilikataa, Kinu. Mungu shahidi, nilikataa! Ni Mama. Alinisukuma kama mbwa. Amekuharibu..."

Sikulia. Nilishikwa na hasira ambayo sijui niieleze vipi. Ilikuwa inatetemesha hadi mpira wa dripu.

"Watu wajue," Dharmesh akasema, akaniwekea simu mkononi. "Waandikie. Waambie alichokufanyia."

Nikaandika.

Ndiyo! Ndiyo ile posti mliyoisoma mwezi wa sita. MAMA MKWE WANGU AMENING'OA JICHO. Ni mimi. Nilianza na miaka saba ya manyanyaso, nikaweka vigae, nikaweka sisimizi, nikamalizia na wino kwenye shuka.

Mlinipa moyo, siwezi kusema uongo. Mlimwita mchawi. Mlimwita fisi. Mmoja wenu, simtaji, alisema atakuja Rajkot kumng'oa na yeye la kwake. Watu wa mtaani wakalijua duka, wakaenda kutema mate mlangoni. Mimi kitandani nacheka kwa upande mmoja wa uso, maana wa pili haukuweza.

Na Jasuben alikuwa anakuja kila siku saa nne na bakuli la khichdi. Mchele na dengu, hakuna hata punje ya sukari.

Namgeuzia ukuta.

"Kula," anasema. "Ukifa na njaa baada ya kutolewa jicho, hiyo ni hasara mara mbili."

"Ondoka."

"Bakuli langu nalitaka."

Dawa ya fangasi ilikuwa inaingia kwa mshipa, kila siku saa kadhaa, inakutetemesha kama umewekwa kwenye barafu. Kila nikitetemeka nilimlaani yule mama. Nilimwombea mabaya ambayo siyaandiki hapa, kuna watoto wanasoma.

*

Siku ya tisa tangu upasuaji, Daktari Vasavada akaja na bahasha.

"Kinnariben, uliniambia majibu ya 2019 yalikuwa safi?"

"Ndiyo."

"Uliyasoma?"

"Mume wangu aliyasoma."

Akaitoa karatasi, akaiweka juu ya shuka. Jina langu. Tarehe ya Machi 2019. Namba: mia mbili sitini na nane. Chini yake mtu ameandika kwa mkono na kupigia mstari: KISUKARI. AANZE DAWA MARA MOJA.

Na chini kabisa, aliyepokea majibu. Saini ya Dharmesh, ile yenye mkia mrefu.

Nikaisoma mara tatu. Jicho moja linasoma polepole.

"Umeipata wapi hii?"

"Kwa mama mkwe wako. Siku ya upasuaji tulitaka kitambulisho chako. Hajui kusoma, hakujua ni karatasi ipi. Basi alikwenda akakomba kila karatasi iliyokuwa kwenye kabati la mwanawe, akaja nazo kwenye mfuko wa mchele, akanimwagia mezani. 'Chagua,' akaniambia. Katika kuchagua nikaikuta hii."

"Ulimwambia?"

"Aliona nimeacha kuchagua. Akasema, 'Soma kwa sauti.' Nikamsomea."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza swali moja. 'Mwanangu alijua?' Nikamwonyesha saini."

"Halafu?"

"Halafu akarudi kule kwenye kitanda chako, akaomba wino."

Wapendwa... nilihisi kitanda kinazama.

Miaka miwili! Miaka miwili yule mwanaume ananiangalia nakula penda mbele ya wateja, ananipigia makofi, na anajua!

*

Dharmesh alikuja saa kumi na simu yake, anang'aa.

"Kinu! Laki moja! Watu laki moja wameshaisoma posti yako! Kuna mtu anataka kukuhoji..."

Nikaifunua karatasi.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika rangi kwa hatua. Wake ulibadilika hivyo.

"Kinu, nisikilize."

"Nakusikiliza."

"Nilikuwa nakulinda."

"Na nini?"

"Na maneno ya watu! Picha yako iko pale juu ya duka. Ningewaambiaje? Mke wangu anakula kila siku, na sasa ana... ana..."

"Ana nini?"

"Kinu, usinifanyie hivi."

"Litamke, Dharmesh!"

Hakulitamka. Mke wake ametobolewa uso kwa sababu ya neno hilo, na bado hakulitamka.

"Na vile vidonge?"

"Mafundi walikuwa wameondoka. Ulikuwa na nguvu, unakoroga sufuria tatu kwa siku. Nilijua ni wiki mbili tatu tu..."

"Na daktari wa Ahmedabad? Ana jina?"

Akatazama simu yake, kama siku ile.

Hakuwepo! Hakukuwa na daktari wa Ahmedabad, wala simu, wala safari! Siku tatu nzima fangasi ananitembea kichwani, mimi namsubiri mtu ambaye hakuzaliwa.

"Kwa nini?" nikamuuliza. Nilitaka kujua kweli. "Daktari alikwambia nitakufa."

Akainamisha kichwa. Akasema polepole, kama anaongea na mtu mzima mwenzake mwenye akili:

"Bila jicho ningekuwekaje dukani?"

Bakuli la khichdi lilikuwa karibu. Lilimpata kwenye paji la uso, na dengu zikamteremkia hadi kifuani.

Nesi akachungulia. "Kuna tatizo hapa?"

"Hapana, sista," nikasema. "Namlisha mume wangu."

*

Jasuben alikuja kesho yake saa nne, kama kawaida, na khichdi kwenye bakuli jingine. Akaangalia sakafu.

"Bakuli langu lina ufa."

"Mama..."

"Lilikuwa zima."

"Mama, nisamehe."

"Bakuli utalilipa. Msamaha wa nini?"

"Niliandika mambo mabaya juu yako. Watu wamekutukana."

"Najua. Wametema mate mlangoni. Nimepiga deki."

"Kwa nini hukuniambia? Ile karatasi ulisomewa tangu siku ile!"

"Ningekwambia mwanangu amekudanganya, ungeniamini? Wewe umeniamini lini, Vigae?"

Kweli, lini?

"Na wale sisimizi, kwa nini hukusema wanafuata sukari kwenye mkojo wangu? Ulijua maana yake!"

Akarekebisha ukingo wa sari yake, akaurekebisha tena.

"Nilijua. Nilikuwa naogopa kulitaja. Nikawa nakupigia kelele, nikitumaini utaelewa mwenyewe. Hilo ni langu, nitalijibu mimi."

"Lakini unanichukia, Mama. Kwa nini ulibonyeza dole?"

"Nakuchukia, ndiyo. Rotli zako mtu anaweza kuezekea nyumba."

Akavuta kiti. Kwa miaka saba sijawahi kumwona amekaa mbele yangu. Daima amesimama, daima ananitazama kwa juu. Safari hii akakaa, na macho akayaweka kwenye bakuli lake.

"Baba yake Dharmesh alikuwa na kisukari," akasema.

Alilitamka lote. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

"Mlimwambia kila mtu ni moyo," nikasema.

"Tuliwaambia tulichotaka. Ilikuwa kidonda cha ndala, hapa kwenye kidole. Kidogo, kama dengu. Kikawa cheusi. Kikapanda. Daktari akasema tukate chini ya goti, leo hii. Akaniletea karatasi na wino."

"Ukafanyaje?"

"Nikafikiria duka. Nikafikiria watu watasema nini, muuza penda na mguu mmoja. Nikakunja dole langu ndani ya ngumi, hivi. Wakanibembeleza siku tatu, nimekunja. Na mwenyewe mgonjwa alikuwa ananiambia, Jasu, bonyeza tu."

Alikuwa bado ameikunja ile ngumi kwenye mapaja yake.

"Akafa, maiti ikachomwa na miguu yake yote miwili," akasema. "Mizuri, imeoshwa. Mtaa mzima ulimsifu, amekwenda mzima, hajapungua kitu. Dharmesh ndiye aliyewasha moto, ana miaka kumi na minne. Aliona yote. Mimi nilidhani amejifunza kitu, kumbe amejifunza nilichofanya mimi."

Nilinyoosha mkono nimshike. Akaupiga kofi.

"Usinishike shike. Kula."

Nikala. Ilikuwa baridi na haina chumvi ya kutosha, na sikusema kitu.

*

Leo ni mwaka na miezi. Dharmesh yuko kwa shangazi yake Vadodara, talaka iko mahakamani. Mimi niko Rajkot, na nalala chumba kile kile. Siku niliyofunga begi kurudi Morbi, Jasuben alisimama mlangoni. "Aliyekosa ameshaondoka," akasema. "Wewe unakwenda wapi? Jiko atasugua nani?"

Tunagombana kila siku. Juzi tu amesema macho mawili hayakunisaidia kuona vumbi, basi hilo moja ndio balaa. Nilimjibu vibaya. Akanijibu vibaya zaidi. Kisha akaniletea sindano yangu ya insulini kwenye sahani, kama kawaida.

Ile posti ya mwezi wa sita sijaifuta. Nimeiacha pale na komenti zenu zote, kila mchawi na kila fisi. Nendeni mkazisome. Mimi nilikosa kwanza, nyinyi mkanisindikiza.

Mnasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Lakini mimi sikuficha kitu. Maradhi yangu yalifichwa na mtu aliyekuwa akiniita nuru yake, kwenye kabati, miaka miwili, huku akinilisha.

Kwa hiyo sikilizeni, na hili halina utani. Ukipimwa, majibu chukua kwa mkono wako. Umetoka kuugua na pua inatoa uchafu mweusi, au shavu limekufa ganzi, au unaona watu wawili wawili, usijifukize, usisubiri kesho, kimbia hospitali. Daktari akisema vidonge siku tano, ni tano.

Na kama hujui kusoma, usimpe karatasi yako anayekupenda. Mpe asiyekupenda akusomee. Huyo hana sababu ya kukuficha.